Baada ya Kengele ya Jioni: Shughuli za Wanafunzi ni Kazi ya Kijiji Pia

Mwaka 2023 nilikaribishwa katika mkutano wa kikundi kimoja cha kujisaidia cha akina mama. Mkutano ulikuwa karibu kwisha. Pesa za mzunguko zilikuwa zimehesabiwa na mweka hazina alikuwa anafunga daftari. Ndipo katibu akatoa barua kutoka sekondari ya kutwa iliyo karibu na hapo. Mwalimu aliomba kikundi kisaidie kwa Sh. 3,000, ili kundi la ngoma la shule liende mashindano ya kaunti.

Kukawa kimya. Kisha mama mmoja akasema, "Mimi mtoto wangu nilimpeleka shule asome. Kama ni kucheza ngoma, si angecheza hata hapa nyumbani?"

Watu wakacheka. Lakini mama mwingine, aliyekuwa ameketi nyuma, akajibu polepole, "Wangu alikuwa ameshaacha shule. Ni hiyo ngoma iliyomrudisha."

Hapo hakuna aliyecheka. Walibishana mpaka jua likataka kutua, na barua ikaahirishwa hadi mkutano uliofuata.

Ndugu msomaji, labda hata katika kikundi chenu barua kama hiyo imewahi kusomwa. Wengi wetu tunafikiri shule ni darasa, ubao na mtihani. Yanayofuata baada ya kengele ya jioni, yaani mpira, vyama, nyimbo na michezo ya kuigiza, tunayaona ni ya kupoteza wakati. Katika makala haya tutaangalia shughuli hizi ni zipi, zina faida gani, na kikundi cha kijiji kinaweza kushiriki namna gani bila kuumia.

SHUGHULI HIZI NI ZIPI?

Mwaka wa shule una mihula mitatu, na kila muhula una mambo yake. Kwa desturi muhula wa kwanza ni wakati wa riadha, mpira wa kikapu, hoki na mpira wa mikono. Michezo ya kuigiza pia hufanyika wakati huo. Muhula wa pili ni wakati wa kandanda, voliboli na netiboli, na vilevile mashindano ya muziki. Muhula wa tatu ni mfupi na watu wanajitayarisha kwa mitihani, kwa hivyo shughuli hupungua.

Mashindano hupanda kama ngazi. Shule hushindana kwanza zikiwa jirani, kisha kaunti ndogo, kaunti, eneo, na mwisho taifa zima. Kwa hiyo timu ikishinda, shule hupata furaha na gharama pamoja! Kila hatua ni nauli nyingine na chakula kingine. Ndiyo sababu barua za kuomba msaada huja wakati timu inafanya vizuri.

Mashindano ya muziki si jambo la juzi. Yalianza mwaka 1927, kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Kuna kwaya, mashairi ya kukariri, na sehemu maalum za nyimbo na ngoma za kienyeji.

Halafu kuna vyama vya wanafunzi. Kuna chama cha wakulima vijana, chama cha sayansi, chama cha mazingira, skauti, chama cha mijadala, na vyama vya dini. Wazee watakumbuka 4-K katika shule za msingi, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Chama cha wakulima vijana ni kama ndugu yake mkubwa katika sekondari.

Upo pia mpango wa Tuzo ya Rais ulioanza nchini mwaka 1966. Kijana wa miaka 14 hadi 24 anaweza kujiunga. Anatakiwa kuhudumia jamii, kujifunza ujuzi fulani, kufanya mazoezi ya mwili, na kusafiri kwa miguu na wenzake kwa mpango maalum. Anaanza na shaba, kisha fedha, kisha dhahabu.

MFANO WA KERIKO

Hebu tutazame shule moja. Keriko ni sekondari ya kutwa ya wavulana na wasichana, katika kijiji kinachoitwa Pwani. Si Pwani ya Mombasa. Kijiji hiki kiko kaunti ya Nakuru. Ni sehemu yenye ukame na njaa ya mara kwa mara. Mwalimu mmoja wa hesabu na fizikia hapo, Bradha Peter Tabichi, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, alijulikana duniani kote Machi 2019. Alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia huko Dubai, yenye zawadi ya dola milioni 1 za Marekani.

Lakini tuache dola. Tuangalie shule yenyewe ilikuwaje wakati huo, kwa maelezo yaliyotolewa pamoja na tuzo hiyo. Wanafunzi 95 kati ya kila 100 walitoka katika jamaa maskini. Karibu theluthi moja walikuwa yatima au walikuwa na mzazi mmoja tu. Kulikuwa na mwalimu mmoja kwa wanafunzi 58. Kompyuta ilikuwa moja. Si unaona? Ni shule kama ya kwetu, au hata chini ya ya kwetu.

Walifanya nini? Pamoja na kazi ya darasani, Bradha Tabichi alianzisha chama cha kukuza vipawa na akapanua chama cha sayansi. Alianzisha pia chama cha amani. Sehemu hiyo ya Nakuru iliumizwa sana na vita vya baada ya uchaguzi wa mwaka 2007, na shuleni walikuwako watoto wa makabila saba. Katika chama walijadili, wakacheza michezo pamoja na wakapanda miti pamoja.

Chama cha sayansi kilikwenda kwenye maonyesho ya taifa ya sayansi mwaka 2018. Wanafunzi walionyesha kifaa walichokibuni cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Shule ikawa ya kwanza kati ya shule za umma. Watoto waliotoka katika shule yenye kompyuta moja!

Na matokeo mengine? Idadi ya wanafunzi iliongezeka mara mbili kwa miaka mitatu, ikafika 400. Makosa ya nidhamu yalishuka kutoka 30 kwa wiki hadi 3. Mwaka 2017 wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea hadi vyuoni. Mwaka 2018 walikuwa 26.

Tusidanganyane. Si vyama peke yake vilivyoleta hayo. Yeye na walimu wenzake wanne walikuwa wakiwafundisha wanafunzi dhaifu mmoja mmoja nje ya darasa. Mwisho wa wiki Bradha Tabichi alikuwa akizitembelea nyumba zao na kuona shida ya kila jamaa. Lakini fikiri kidogo. Mtoto mwenye njaa na mawazo, aliye wa mwisho darasani kila muhula, anaamka asubuhi kwenda shule kwa sababu gani? Ikiwa hapo shuleni kuna kitu kimoja anachokiweza, mahali pamoja anapoitwa kwa jina lake na kungojewa na wenzake, atakwenda. Akienda kwa ajili ya mpira, atalikuta somo la hesabu hapohapo. Akibaki nyumbani, hapati mpira wala hesabu. Hiyo ndiyo maana ya maneno ya yule mama aliyeketi nyuma.

UJUZI UKO KIJIJINI

Shule nyingi hutafuta mkufunzi wa ngoma kutoka mbali na kumlipa. Ilhali kijijini hapo yuko mzee anayeijua ngoma hiyo tangu ujana wake, anajua inachezwa kwa arusi au kwa mavuno, na anajua ngoma gani hupigwa kwanza. Hajaitwa tu.

Hapa kikundi kina mali kuliko pesa. Fundi seremala anaweza kutengeneza milingoti ya goli. Fundi cherehani anaweza kushona mavazi ya kundi la maigizo kutoka kwa vitambaa vya kila mtu. Wanakikundi wenye kitalu cha miti wanaweza kuwapa chama cha mazingira miche na kuwaonyesha namna ya kuitunza. Na kama timu inasafiri, gorogoro mbili za mahindi na moja ya maharagwe kutoka kwa kila mwanachama zinatosha kuwapikia watoto githeri ya kubeba.

Lakini msimlazimishe mwalimu. Mwandikieni mwalimu mkuu barua mkisema mna ujuzi huu na huu, naye ataona unafaa wapi.

SHULE NI YA NANI?

Wengine husema, "Hayo ni ya walimu na serikali." Wanasahau. Sekondari nyingi za vijijini zilijengwa kwa harambee. Baba zetu walibeba mawe na mama zetu walichota maji ya kukandia saruji. Shule ni yetu tangu msingi wake.

Tena sheria yenyewe inasema hivyo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaweka halmashauri ya usimamizi katika kila shule ya umma. Ndani yake kuna watu 6 waliochaguliwa kuwakilisha wazazi au jamii ya mahali, na watu 3 wa mdhamini wa shule, ambaye mara nyingi ni kanisa. Kuna mwakilishi wa walimu, mtu wa kuwatetea wenye ulemavu na mahitaji maalum, na wengineo. Na baraza la wanafunzi nalo lina mwakilishi wake humo.

Jambo hili la mwisho si dogo. Mwaka 2008 kulikuwa na ghasia na mioto katika sekondari nyingi nchini. Baada ya hapo, mwaka 2009, liliundwa baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari, na shule zikahimizwa kuwaacha wanafunzi wachague viongozi wao wenyewe badala ya kuchaguliwa na walimu. Sababu inaeleweka. Mtoto asiye na mahali pa kusema neno lake atatafuta namna nyingine ya kulisema. Katika chama cha mijadala na katika baraza la wanafunzi, anajifunza kulalamika kwa maneno, si kwa kiberiti.

Kwa hivyo unapokwenda siku ya wazazi, usiulize alama tu. Uliza pia: Je, viongozi wa wanafunzi walichaguliwa kwa kura? Baraza lao hukutana mara ngapi? Neno lao la mwisho lilikuwa gani, na lilijibiwaje?

Na kumbuka kwamba viboko vimekatazwa shuleni tangu 2001, na sheria ya 2013 imekataza adhabu ya kuumiza mwili au kumtesa mtoto kwa maneno. Hilo ni kwa uwanjani pia. Kocha hana ruhusa ya kumpiga mtoto eti kwa sababu amekosa penalti.

TUFUATE PESA

Hapa ndipo urafiki wa shule na kijiji huvunjika. Tuseme wazi.

Tangu mwaka 2008 serikali hulipia masomo ya sekondari za kutwa. Mwaka 2018 kiwango kiliwekwa kuwa Sh. 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Ndani yake limo fungu la michezo na shughuli za wanafunzi. Lakini pesa hizo mara nyingi hufika kwa kuchelewa au zikiwa pungufu, na mashindano hayangoji. Basi mwalimu mkuu anaandika barua kwa wazazi na vikundi.

Kusaidia ni vizuri. Lakini saidieni kwa macho yaliyo wazi:

1. Ombi liwe kwa maandishi, lenye sahihi ya mwalimu mkuu. Msitoe pesa kwa mtoto wala kwa mwalimu mmoja njiani.

2. Ulizeni bajeti. Nauli ni ngapi, chakula ni ngapi, na fungu la shule limetoa ngapi?

3. Chukueni risiti ya shule, na mweka hazina aiweke katika faili la kikundi.

4. Baada ya safari, ombeni maelezo mafupi ya matumizi. Pesa zikibaki, zijulikane ziko wapi.

5. Mtoto asiachwe nyumbani kwa kuwa mzazi wake hakutoa mchango. Huyo ndiye anayehitaji safari hiyo kuliko wote.

Mwalimu mwaminifu hatachukia maswali haya. Yatamlinda na masengenyo.

WASICHANA NA SAFARI

Katika shule moja, ambayo sitaitaja, timu ya netiboli ilirudi kutoka mashindanoni saa nne usiku. Wasichana walishushwa barabarani. Hakuna mzazi aliyejulishwa. Mmoja wao alitembea kilomita tatu peke yake gizani. Alifika salama, asante Mungu. Lakini baba yake alisema, "Michezo basi." Na tangu siku hiyo hakucheza tena, ingawa alikuwa mfungaji wao bora.

Kosa lilikuwa la nani? Si la netiboli. Lilikuwa la mipango. Lakini aliyeadhibiwa ni msichana.

Kabla ya timu kuondoka, wazazi wajue mambo haya: gari ni gani, mwalimu mwanamke anayekwenda na wasichana ni nani, watarudi saa ngapi, na nani atampokea kila mtoto. Wazazi wanaoishi njia moja wanaweza kupanga zamu ya kuwangojea barabarani. Kazi hii haihitaji hata shilingi moja, na kikundi chochote kinaiweza.

Tena tuangalie nyumbani kwetu. Kaka akirudi saa kumi na mbili anaulizwa, "Mpira ulikuwaje?" Dada akirudi saa hiyo hiyo anaulizwa, "Maji yako wapi?" Ikiwa msichana lazima ateke maji, apike na alaze wadogo, atashiriki chama gani? Hata jioni mbili kwa wiki, akipunguziwa kazi au kaka yake akichota maji, zitatosha.

NA KIJIJI KINAPATA NINI?

Mkono mtupu haulambwi, wasema wahenga. Je, kikundi kinapata nini?

Kwanza, mikono. Vijana wa Tuzo ya Rais wanatafuta kazi ya kuhudumia jamii. Chemchemi inahitaji kuzungushiwa ua, mama mzee anahitaji kurudishiwa nyasi za paa, watoto wadogo wanahitaji kusaidiwa kusoma. Pelekeni orodha ya kazi kama hizo shuleni.

Pili, elimu. Huko Keriko, Bradha Tabichi aliwafundisha pia watu wa kijiji kupanda mazao yanayostahimili ukame. Chama cha wakulima vijana kikiwa na kipande cha shamba la mfano, kikundi kiende kukitazama. Na mwanafunzi anayejifunza biashara anaweza kumsaidia mweka hazina kupanga daftari la mapato na matumizi, mbele ya wanachama wote.

Tatu, mtaala mpya unatukaribisha. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala huu waliingia gredi ya 10 Januari 2026. Katika sekondari ya juu, huduma kwa jamii sasa ni somo la lazima. Pia kuna njia tatu za masomo: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, na sanaa na michezo. Kwa hivyo yule anayesema kwamba ngoma si masomo, sasa mtaala wenyewe umemjibu. Wanafunzi watatumwa kutafuta kazi za jamii za kufanya. Watazikuta wapi, kama si katika vikundi vyetu?

KIKUNDI CHENU KIANZE WAPI?

Msianze na mambo makubwa. Fanyeni hivi:

Mchague mtu mmoja wa kuhusiana na shule, asiwe mwenyekiti ambaye tayari ana kazi nyingi. Mtu huyo amtembelee mwalimu mkuu mwanzoni mwa muhula na kuuliza kalenda ya shughuli. Alete habari katika mkutano wenu. Kisha chagueni jambo moja tu ambalo mtasaidia muhula huo: ngoma, au zamu ya barabarani, au miche. Mwisho wa muhula kaeni na kuuliza, tumefaulu? Tulikosea wapi?

Na siku ya mashindano, nendeni mkatazame. Mtoto akimwona mama yake amesimama kando ya uwanja na leso yake, hiyo ni nguvu ambayo hakuna mwalimu awezaye kumpa.

Na ile barua ya Sh. 3,000? Katika mkutano uliofuata kikundi kilikubali kutoa Sh. 1,000, na mahindi na maharagwe. Yule mama aliyeuliza juu ya ngoma ndiye aliyetumwa shuleni kupeleka na kuchukua risiti. Alifika wakati wa mazoezi. Alisimama akatazama, kisha akamwambia mwalimu, "Hapo miguu mnakosea. Sisi hatukucheza hivyo." Akavua viatu akawaonyesha.

Kundi hilo halikushinda katika kaunti. Lilikuwa la tatu. Lakini mama huyo sasa huenda shuleni kila Jumatano jioni.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu ni watoto wangapi wameacha sekondari miaka miwili iliyopita? Je, tunajua sababu ya kila mmoja?

2. Ni ujuzi gani tulio nao katika kikundi ambao shule haijui kwamba tunao?

3. Ni nani wanaowakilisha wazazi wetu katika halmashauri ya shule? Mara ya mwisho walituletea habari lini?

4. Wasichana wetu wana wakati wa kushiriki shughuli za shule? Kama hawana, ni kazi gani ya nyumbani tunaweza kuigawa upya?

5. Ni jambo gani moja tutalifanya muhula ujao?